Kriketi Si Gemu ya Mababi: Jua Venye Inachezwa, na Venye Ilipeleka Kenya Nusu Fainali ya Dunia

Kuna gemu moja mob wenu mnaipitanga kwa TV mkitafuta EPL. Mnaona wasee wamevaa nyeupe, mmoja anatimua mbio na kurusha mpira, mwingine anaugonga na gongo bapa, wengine wamesimama tu kwa nyasi ni kama wanangoja mathree ijae. Kwa kona ya skrini kuna namba kama 157/6. Unauliza hiyo ni nini, hakuna mtu kwa kibanda anajua, mnahamia stesheni ingine.

Hiyo gemu ni kriketi. Na hiyo gemu unairuka ndio ilipeleka Kenya hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka wa 2003. Harambee Stars, na mapenzi yote tunawapea, hawajawahi kuingia Kombe la Dunia hata mara moja. Wasee wa kriketi waliingia mara 5 mfululizo: 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011. Alafu tukapotea kwa ramani.

So leo tunafunguana macho. Ukimaliza kusoma hii, utajua kusoma skori, utajua nani ametoka na ametoka aje, na utaweza kuanzisha gemu yako nyuma ya ploti na kreti ya soda. Pia utaelewa mbona tulianguka, na mbona wa kuamsha hii kitu anaweza kuwa mtu wa Matisi ama Kanduyi.

Nusu yake unaijua tayari

Ushawahi cheza kati? Wawili wako kwa miisho wanarusha mpira, mmoja ako katikati anakwepa. Na ile raunda ya praimari je, unagonga mpira alafu unatimka kutoka kituo kimoja hadi kingine kabla mpira urudi? Changanya hizo mbili na uko karibu kufika.

Tofauti ni kwamba huku mtu hakwepi mpira. Ako na gongo mkononi, nyuma yake kuna vijiti vitatu, na kazi yake ni mbili: vijiti visianguke, na apatie timu yake pointi. Mwenye anarusha anataka kinyume: vijiti vianguke, na pointi zisipatikane. Shika hiyo na umeshika kriketi. Zile sheria zingine zote zinazunguka hapo.

Uwanja na vyombo

Uwanja ni duara kubwa ya nyasi, na mwisho wake umewekwa kamba. Ukubwa haufanani kila mahali. Kitu haibadiliki ni ile njia nyembamba ya katikati, inaitwa pichi. Urefu wake kutoka vijiti hadi vijiti ni mita 20.12. Ukitaka kuona hiyo kwa macho, enda stage ya Kitale upange mathree nne za watu 14, pua kwa mkia. Hapo ndipo mambo yote hutokea.

Kila mwisho wa pichi kuna vijiti vitatu vimesimamishwa chini. Hivyo vinaitwa wiketi. Urefu ni kama sentimita 71, yaani vinafika kwa paja la mtu mzima, na upana wa vyote vitatu ni karibu sentimita 23, zaidi kidogo ya karatasi ya A4. Vimepangwa karibu karibu ndio mpira usipite katikati. Juu yake kumelazwa vijiti viwili vidogo. Hivyo vidogo ndivyo vinaamua. Mpira ukigusa wiketi na hivyo vidogo vikose kuanguka, hujatoka.

Gongo ni la mbao na ni bapa, upana wake haufai kupita sentimita 10.8. Mpira ndani ni koki na nje ni ngozi, uzito wake karibu gramu 160. Hiyo ni kama simu yako, lakini ngumu kama mawe. Ndio maana wapigaji huvaa kofia ngumu, glavu na padi za miguu. Si maringo.

Nani anafanya nini

Kila timu ni watu 11. Makapteni wanarusha shilingi, mwenye ameshinda anachagua: tunagonga kwanza ama tunarusha kwanza?

Tuseme Kitale wanagonga kwanza. Hawaingii wote 11. Wanaingia wawili tu, mmoja kila mwisho wa pichi. Bungoma nao wanaingia wote 11. Mmoja ni mrushaji. Mwingine ni kipa, huyu anakaa nyuma ya wiketi na glavu kubwa. Wale 9 wamebaki wanatawanyika uwanjani kudaka na kuzuia mpira. Kumbe wale wasee walikuwa wanakaa kama wanangoja mathree wako kazini!

Mrushaji anakuja mbio, anarusha mpira kutoka mwisho moja, mpigaji wa mwisho ule mwingine anaugonga. Kawaida mpira unadunda mara moja chini kabla umfikie. Na mkono wa mrushaji lazima uzunguke ukiwa umenyooka. Hukunji kiwiko uifungue kama mtu anaangusha maembe na mawe. Ukifanya hivyo refa anakukatalia.

Mrushaji akirusha mara 6, hiyo inaitwa ova moja. Ova ikiisha, mtu mwingine anarusha, na anarusha kutoka ule upande mwingine. Mtu mmoja haruhusiwi kurusha ova mbili zikifuatana.

Pointi zinapatikana aje

Pointi za kriketi zinaitwa mikimbio, na hilo jina linajieleza. Ukigonga mpira ukaenda mbali, wewe na mwenzako mnakimbia kubadilishana pande. Mkifika wote wawili, hiyo ni mkimbio mmoja. Mkirudi tena kabla mpira uletwe, ni mbili. Hakuna kulazimishwa. Ukiona mpira uko karibu na mlinzi ana mkono moto, tulia tu.

Kuna njia ya mkato. Ukigonga mpira ukabingirika ama ukadunda hadi kwa kamba, unapewa 4 bila kukimbia. Ukiupaisha ukavuka kamba kabla uguse chini, unapewa 6. Hapo ndio mashabiki huwika.

Alafu kuna pointi za bure. Mrushaji akirusha mpira mbali sana mpigaji hawezi kuufikia, hiyo ni waidi. Akikanyaga kupita laini yake wakati anaachilia mpira, hiyo ni noboli. Zote zinapea wapigaji mkimbio mmoja, na mpira unarudiwa. Kwa gemu fupi, noboli inakuja na zawadi ingine: mpira unaofuata, mpigaji anaweza kujiachilia, juu hata akidakwa hatoki.

Ushahidi wa venye hii kitu inaweza kuwaka uko hapa hapa Kenya. Tarehe 4 Oktoba 1996, pale Nairobi Gymkhana, kijana wa Pakistan kwa jina Shahid Afridi alifikisha mikimbio 100 kwa mipira 37 tu dhidi ya Sri Lanka. Hiyo rekodi ya dunia ilikaa zaidi ya miaka 17. Na tarehe 23 Oktoba 2024, pale Ruaraka, Zimbabwe walichapa Gambia mikimbio 344 kwa ova 20. Wakati huo hakuna timu ya taifa ilikuwa imewahi kufikisha hiyo kwa gemu ya ova 20. Gambia walijibu na 54.

Mtu anatoka aje

Ukitoka, umetoka. Unaenda kukaa, mwenzako mwingine anaingia. Timu ikipoteza watu 10, zamu yao imeisha hata kama ova zimebaki, juu yule wa 11 hawezi kucheza bila mwenzake. Kuna njia mob za kutoka lakini hizi 5 ndizo utaona kila siku:

Ya kwanza, mpira unakupita unaangusha vijiti vyako. Hiyo haina mjadala. Chukua gongo lako uende.

Ya pili, umeupaisha mpira na mtu akaudaka kabla uguse chini. Hata ukigusa gongo lako kidogo tu kwa ukingo na kipa audake, umeenda.

Ya tatu, mnakimbia alafu mpira unarudishwa na kuangusha vijiti kabla ufike kwa laini. Hii ndio huvunja urafiki, juu kawaida ni mmoja ameita "kuja!" na mwingine amesema "rudi!"

Ya nne ni LBW. Mpira ulikuwa unaenda kugonga vijiti lakini ukagonga mguu wako kwanza. Refa anajiuliza: kama huu mguu haungekuwa hapa, vijiti vingeanguka? Akisema ndio, umetoka. Iko na vipengele vyake, lakini wazo ni hilo: huwezi tumia mguu kama mlango. Hii ndio wasee hubishana sana, na siku hizi kwa gemu kubwa kuna kamera za kuangalia tena.

Ya tano, umetoka mbele ya laini yako kufuata mpira, ukaukosa, kipa akaudaka na kuangusha vijiti kabla urudi. Tamaa mbele.

Neno "wiketi" pia linatumika hapa. Mtu akitoka, wanasema wiketi imeanguka. So wiketi ni vile vijiti, na pia ni mtu ametoka. Usichanganyikiwe.

Sasa soma skori kama mtu amezaliwa huko

Tuchukue siku kubwa. Tarehe 24 Februari 2003, Nairobi Gymkhana, Kombe la Dunia. Kenya dhidi ya Sri Lanka, timu ilikuwa imebeba hilo kombe mwaka 1996 na ilikuwa na majina kama Muralitharan, Sangakkara na Jayawardene.

Kenya waligonga kwanza. Ova zao 50 zikaisha wakiwa 210/9. Maana yake: mikimbio 210, watu 9 wametoka. Kennedy Otieno pekee yake alileta 60. So Sri Lanka walihitaji 211 ndio washinde. Ukigawanya kwa ova 50, hiyo ni mikimbio 4 na kidogo kila ova. Kwa timu kama hiyo, hiyo ilikuwa hesabu ya darasa la tatu.

Alafu akaingia Collins Obuya, kijana wa miaka 21. Huyu harushi kwa nguvu. Anazungusha mpira na vidole na kifundo cha mkono, ndio ukidunda chini ubadilishe njia. Alirusha ova 10, akatoa mikimbio 24 tu, akatoa watu 5. Sri Lanka wakaisha wote kwa 157. Toa 157 kwa 210, unapata 53. Ndio maana vitabu vinasema Kenya ilishinda kwa mikimbio 53.

Lakini kuna siku utasoma timu imeshinda kwa "wiketi 7". Hiyo ni wakati mwenye ameshinda aligonga wa pili. Tarehe 12 Machi 2003 huko Bloemfontein, Zimbabwe walimaliza na 133. Kenya wakaipita wakiwa 135/3. Walikuwa wamepoteza watu 3 pekee, wamebaki na 7 wa kupoteza. Wiketi 7. Simple.

Kwa hiyo 157/6 ya kwa kibanda sasa unaijua. Swali la kuuliza ni mbili: wanahitaji ngapi, na mipira imebaki ngapi? Ukisikia wanahitaji 24 na imebaki mipira 12, usihame stesheni. Hapo moyo unapiga kama wa penalti.

Kurusha kwa nguvu na kurusha kwa akili

Warushaji ni makundi mawili. Kuna wale wa spidi. Mathree yako ya Kitale–Webuye imefungwa gavana ya kilomita 80 kwa saa. Mrushaji wa spidi wa daraja la juu anapita 140. Mwaka huo huo wa 2003, Shoaib Akhtar wa Pakistan alipimwa kilomita 161.3 kwa saa. Mpira kama huo unakufikia chini ya nusu sekunde. Huna muda wa kufikiria, mwili ndio unaamua.

Na kuna wale wa kuzungusha kama Obuya. Hawa wanakuja polepole, unaona mpira vizuri kabisa, na bado unakukunja. Aasif Karim wa Kenya alikuwa huyo. Machi 2003 huko Durban, dhidi ya Australia waliokuwa wanaelekea kubeba kombe, alirusha ova 8 na mipira 2, akatoa mikimbio 7 tu, na akatoa watu 3. Ova zake 6 hazikutoa hata mkimbio mmoja. Australia walishinda hiyo gemu, lakini yeye ndiye alitajwa mchezaji bora wa siku.

Hapo ndio unaona utamu wa hii kitu. Haulizwi kimo, haulizwi kifua. Karim wakati huo alikuwa na miaka 39.

Gemu ni za aina tatu

Kuna ile ya siku 5, wanavaa nyeupe, wanakula lunch na kunywa chai katikati. Hiyo ni ya wazee wa subira na nchi chache tu ndio hucheza. Kuna ya siku moja, ova 50 kila upande, ndio ya Kombe la Dunia la 2003. Na kuna T20, ova 20 kila upande, inaisha kwa kama masaa matatu. Anza na hii. Ni ya kasi, na kwa zile ova 6 za kwanza walinzi wawili tu ndio wanaruhusiwa kukaa mbali na pichi, so wapigaji wanaachilia.

T20 pia ndio itachezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028. Kriketi ilionekana Olimpiki mara ya mwisho mwaka 1900 huko Paris.

Sasa mbona tulianguka?

Tuseme ukweli bila kupaka rangi. Hiyo nusu fainali ya 2003 ilikuwa na bahati kidogo ndani. New Zealand walikataa kukuja Nairobi wakisema usalama, tukapewa pointi za bure. Lakini Sri Lanka, Canada, Bangladesh na Zimbabwe tuliwachapa uwanjani. Na nusu fainali yenyewe, tarehe 20 Machi huko Durban, India walitupiga kwa mikimbio 91. Kapteni Steve Tikolo alipambana, lakini ilikuwa mwisho wa safari.

Na hatukuanza juzi. Mwaka 1996 huko Pune, India, Kenya tukiwa wageni kabisa kwa Kombe la Dunia tuligonga 166. West Indies, timu ya Brian Lara, wakaisha kwa 93. Kapteni Maurice Odumbe ndiye alikuwa mchezaji bora wa hiyo siku.

Alafu mambo ikaenda mrama. Baada ya 2003 kukawa na vita za uongozi, wachezaji wakagoma juu ya malipo, chama cha zamani kikaondolewa na Cricket Kenya ikaanzishwa. Odumbe mwenyewe alifungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa sababu ya pesa za watu wa kubet. Mapema 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza gemu rasmi za kimataifa za ova 50. Tangu 2011 hatujaonekana kwa Kombe la Dunia.

Lakini shida ya ndani zaidi iko kwa majina. Angalia kikosi cha 2003. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu watatu. Martin Suji na Tony Suji pia ni ndugu. Wachezaji watano wa timu ya taifa, familia mbili. Hiyo si kosa lao, walikuwa moto. Lakini nchi nzima ilikuwa inategemea nyumba chache na klabu chache, nyingi za Nairobi. Hao wasee walipozeeka, nyuma hakukuwa na foleni ya kutosha. Kriketi haikuwa imeshuka huku kwetu vile ilifaa. Shule za Trans Nzoia na Bungoma zimejaa vipaji vya mpira, voliboli, raga na mbio. Mkono wa kurusha javelini na mkono wa kriketi ni majirani.

Angalia ng'ambo ya Malaba

Ukitoka Bungoma town, Malaba iko hapo tu mbele. Ukivuka, endelea hadi Jinja. Huko kuna Busoga College Mwiri, shule ambayo imekuwa kiwanda cha kriketi miaka mingi, na Uganda wako na wiki ya kriketi ya shule za upili ambayo wanafunzi wanaingojea. Vijana hawangoji kuandikwa na klabu ya mababi. Wanaanzia shuleni.

Matokeo? Novemba 2023, kwa mchujo wa Afrika huko Windhoek, Kenya ilikuwepo, Zimbabwe walikuwepo. Waliofuzu Kombe la Dunia la T20 la 2024 ni Namibia na Uganda. Na Juni 2024 huko Guyana, Uganda wakashinda gemu yao ya kwanza ya Kombe la Dunia, wakichapa Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova 4, akatoa mikimbio 4 tu na akatoa watu 2. Ni kweli siku chache baadaye West Indies waliwamaliza kwa 39. Lakini walikuwa hapo. Sisi tulikuwa tunawatch.

Na hii itakuuma zaidi: mtu aliyewahi kuwa kocha wa hiyo timu ya Uganda ni Steve Tikolo. Ndio, yule kapteni wetu wa 2003. Maarifa yetu yalivuka mpaka.

Madem pia msijifiche. Januari 2023, wasichana wa Rwanda chini ya miaka 19 walienda Kombe lao la Dunia Afrika Kusini wakachapa Zimbabwe na West Indies. Mmoja wao, Henriette Ishimwe, alitoa watu 4 kwa mipira 4 ikifuatana. Soma tena hiyo. Nne kwa nne. Rwanda.

Anzisha wikendi hii

Huhitaji vifaa vya pesa mob. Karachi, jiji kubwa la Pakistan, vijana hufunga mpira wa tenisi na tepu ya fundi wa stima, wanacheza nayo barabarani. Inakuwa nzito kidogo, inaenda kasi, na haivunji mtu meno. Fanya hivi:

Tafuta mbao bapa, umwambie fundi wa fanicha akuchongee mkono wa kushika. Wiketi ni kreti ya soda iliyosimamishwa. Upande wa mrushaji weka jiwe ama kiatu. Pima hatua 20 kubwa kati yao. Shamba lililovunwa linatosha, uwanja wa shule siku ya Jumamosi unatosha, bora tu muombe ruhusa.

Gawanyeni watu sita sita. Ova 6 kila upande, na kila mtu arushe ova moja ndio hakuna mtu anakaa bure. Mpira ukigonga kreti umetoka, ukidakwa umetoka, kreti ikigongwa ukiwa unakimbia umetoka. LBW wacheni kwanza, itawaletea vita. Kama uwanja ni mdogo wekeni sheria za mtaa: ukivusha mpira kwa ua la jirani umetoka na unaenda kuuomba mwenyewe, na mtu akidaka kwa mkono mmoja baada ya kudunda mara moja, pia umetoka. Gemu nzima inaisha kwa kama dakika 40.

Kosa la kwanza mtafanya wote ni kugonga kila mpira kama unaua nyoka. Mpigaji mzuri anachagua. Mpira unaokuja moja kwa moja kwa vijiti unauzuia na gongo limesimama wima. Mpira umekosea njia ndio unaadhibu. Na ukirusha, usijaribu kuwa Shoaib Akhtar siku ya kwanza. Lenga kreti mara 6. Ukigonga mara 3, wewe ni hatari tayari.

Ikishika, ongea na mwalimu wa gemu shuleni kwenu, mpige stori na shule jirani, Kitale wakuje Bungoma, Bungoma waende Kitale. Ni safari ya asubuhi na kurudi jioni. Ndugu watatu wa nyumba moja walisaidia kupeleka nchi nzima nusu fainali ya dunia. Sasa fikiria kaunti mbili.

Niambie kwa comments: kwa mbogi yenu nani ako na mkono wa kurusha, na nani ndiye atamwitia mwenzake "kuja!" alafu amwache njiani?